Alikuwa sahihi, na hakufuatwa: uchambuzi wa kisa cha Mann Gulch, 1949

Tarehe 5 Agosti 1949, ikikaribia saa 12 jioni, kiongozi wa kikosi cha wazimamoto aliinama kwenye nyasi kavu za mlimani, akawasha njiti ya kiberiti na kuzichoma. Nyuma yake moto wa msitu ulikuwa ukipanda mwinuko kwa kasi, na umebakiza muda usiofika dakika moja kumfikia. Vijana aliokuwa akiwaongoza walikuwa wakihema kwa taabu kuelekea kilele. Ule moto mdogo aliouwasha ulizila nyasi upesi ukaacha kiraka cheusi cha majivu. Akaingia ndani ya kiraka hicho na kuwaita wenzake waingie walale chini pamoja naye. Hakuna aliyeingia. Alipokuja kuinuka alikuwa mzima. Kati ya watu 15 aliokuwa nao, 13 ama walikuwa wamekwisha kufa au walikuwa na majeraha ambayo hawakupona.

Mtu huyo aliitwa Wagner Dodge. Uamuzi wake ulikuwa sahihi: moto mkubwa ulipofika haukukuta cha kuunguza pale alipolala, ukampita. Sehemu kubwa ya tunachofundishwa kuhusu uongozi inahusu namna ya kufikia uamuzi mzuri, na ndiyo maana kisa hiki kinanisumbua. Uamuzi mzuri ulikuwepo, ukatamkwa kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa na kila sababu ya kutaka kuokoka. Haukumwokoa yeyote isipokuwa aliyeutoa.

Kilichotokea

Idara ya Misitu ya Marekani ilianza kutumia wazimamoto wa parachuti mwaka 1940. Wazo lenyewe ni jepesi: moto ulioanzia mahali pasipo na barabara ufikiwe ukiwa bado mdogo. Hadi siku ile ya Agosti hakuna mrukaji aliyekuwa ameuawa na moto, na sifa hiyo huwafanya watu wajione kama hawafi.

Ndege ya C-47 iliondoka Missoula, jimbo la Montana, mchana wa jua kali na warukaji 16. Upepo uliirusharusha njia nzima, mmoja akazidiwa na kichefuchefu na kurudi na ndege. Waliobaki, 15, walirukia Mann Gulch, korongo linaloteremkia Mto Missouri. Kufikia saa 10 na dakika 10 walikuwa chini. Parachuti iliyobeba redio haikufunguka, na redio ikavunjika. Walimkuta mlinzi wa msitu aliyekuwa ameshaanza kupambana na moto peke yake, wakawa 16. Joto la siku hiyo lilifika nyuzi 36 za Selsiasi hivi.

Kutoka angani moto ulionekana wa kawaida, wa aina waliyoiita moto wa saa 4, maana yake kufikia saa 4 asubuhi ya kesho yake utakuwa umedhibitiwa. Naomba msomaji aishike hali hiyo ya akili. Vijana hawa walitua wakiwa na picha kamili kichwani: usiku wa kazi ngumu, asubuhi wamemaliza, wanarudi.

Dodge alitangulia kwenda kumtafuta mlinzi, akawaacha vijana chini ya msaidizi wake. Alipouona moto kwa karibu hakuupenda. Alimwagiza msaidizi awahamishe watu waende upande wa pili wa korongo na kushuka kuelekea mtoni, ambako kungekuwa salama zaidi. Yeye na mlinzi wakarudi kwanza kwenye mizigo kula kidogo. Katika muda huo kikosi kiligawanyika vipande viwili njiani, kila kipande hakina hakika kingine kiko wapi. Karibu na saa 11 na dakika 40 Dodge aliwafikia, akashika uongozi mbele ya safu na kumweka msaidizi nyuma.

Dakika chache baadaye aliona kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Moto ulikuwa umevuka mdomo wa korongo na kukaa kati yao na mto, chini ya mita 200 mbele yake. Akageuza safu, wote wakaanza kupanda mlima kupitia nyasi ndefu kavu. Moto ukifika kwenye nyasi za mlimani hukimbia, na mtu akifika hapo huishiwa pumzi. Baada ya kupanda kwa muda alitoa amri kwamba kila mtu atupe vifaa vyake: misumeno, majembe, mizigo ya mgongoni. Muda mfupi baada ya hapo akawasha kiberiti.

Vijana wawili waliokuwa karibu naye walipita pembeni, wakapata ufa kwenye ukingo wa mawe juu ya mlima, wakaokoka. Wengine walikufa mlimani, isipokuwa wawili waliofariki siku iliyofuata. Saa ya mkononi ya mmoja wa waliokufa ilisimama saa 11 na dakika 56.

Nguvu tano, na ngapi zilifika mlimani

Mwaka 1959 wanasaikolojia John French na Bertram Raven walipendekeza kwamba mtu hupata nguvu juu ya wenzake kutoka vyanzo vitano: cheo, uwezo wa kutoa zawadi, uwezo wa kuadhibu, ujuzi, na mvuto unaowafanya watu watake kuwa kama yeye. Orodha hii inafundishwa kila mahali, mara nyingi kwa ajili ya kuikariri tu. Mann Gulch inaipa uhai.

Zawadi na adhabu ziliyeyuka mara moja. Moto ukiwa mgongoni, nani anahofia kukatwa mshahara? Mvuto nao haukuwa umepata nafasi ya kukua. Kikosi hiki hakikuwa kimewahi kufanya kazi pamoja kikiwa na sura hizi hizi, na Dodge alikosa mafunzo ya wiki tatu ya mwanzo wa msimu kwa sababu alipangiwa kazi za matengenezo kituoni. Walilijua jina lake na cheo chake. Walikuwa vijana, wengi wanafunzi wa vyuo, mdogo kabisa akiwa na miaka 17. Yeye alikuwa na 33.

Kikabaki cheo na ujuzi. Cheo kilifanya kazi vizuri hadi pale kilipoombwa kitu kinachopingana na kila walichofundishwa. Cheo kinatosha kumfanya mtu abebe msumeno kupanda mlima. Kumfanya aingie kwenye nyasi zinazowaka ni mzigo mwingine kabisa, na cheo peke yake hakiubebi.

Ujuzi ndio unaouma zaidi. Dodge alikuwa na uzoefu kuliko wote pale. Lakini ujuzi haumpi mtu nguvu kwa kuwa tu anao. Lazima wanaoongozwa wawe wameuona. Ujuzi wa Dodge ulikuwa umefungwa kichwani mwake. Hata hila ya kuchoma nyasi ili upate mahali pa kulala, ambayo watu wa nyika za Marekani waliijua tangu zamani, haikuwa kwenye mafunzo ya kikosi. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakufundishwa. Ilimjia kama jambo lenye mantiki kufanya. Wale waliomtazama akiinama na kiberiti walimwona bosi wao, moto ukiwa umewafikia, akiwasha moto mwingine. Mmoja wa waliookoka alikiri kwamba alidhani mzee amechanganyikiwa.

Akiba aliyoitaka haikuwepo

Nadharia inayonisaidia kuliko zote kwenye kisa hiki ni ya mwanasaikolojia Edwin Hollander, ya mwaka 1958. Alisema kikundi humfungulia kila mwanachama akaunti ya imani isiyoonekana. Anaweka akiba kwa kuonyesha kwamba anaiweza kazi, na kwa kuheshimu taratibu za wenzake. Akishajijengea akiba ya kutosha, anaruhusiwa kuvunja utaratibu, kuelekeza njia ya ajabu, na watu watamfuata kwa sababu anatumia alichokwisha kuweka. Katika jaribio alilolichapisha mwaka 1960, mtu hodari aliyevunja taratibu tangu mwanzo alisikilizwa kidogo kuliko mtu hodari vilevile aliyezifuata kwanza na kuzivunja baadaye. Wahenga walisema akiba haiozi. Hollander angeongeza kwamba akiba hii haikopeshwi na benki yoyote siku ya shida.

Hebu tuhesabu akaunti ya Dodge. Mafunzo ya msimu: hakuwepo, hakuweka kitu. Kutua Mann Gulch: aliwaacha, akaenda mbele. Sina shaka alifanya hivyo kwa nia njema, maana kiongozi wa moto lazima aukague. Ila muda ambao wangeweza kumsikia akifikiri na kumwona akipima upepo ulipita yeye akiwa kwingine. Aliporudi alikuwa na wasiwasi uliokwisha komaa, na wao walikuwa bado kwenye moto wa saa 4. Mmoja wao alikuwa akiupiga moto picha.

Kisha, ndani ya robo saa, alichukua mara tatu kutoka akaunti ile. Mara ya kwanza alipogeuza safu. Hiyo ilipita, kwa sababu kugeuka ni jambo la kawaida, ingawa anachokiona aliye mbele ya safu si lazima kionwe na aliye mkiani. Mara ya pili alipowaambia watupe vifaa. Hii ilikuwa nzito kuliko inavyosikika. Karl Weick, mtaalamu wa tabia za mashirika aliyekichambua kisa hiki mwaka 1993, aliona kwamba mzimamoto aliyeambiwa atupe kifaa chake anaambiwa pia kwamba yeye si mzimamoto tena. Amebaki mtu anayekimbia. Kikundi kinaanza kusambaa pale pale. Nakubaliana naye, na ningeongeza kwamba amri hiyo ilikula kile kidogo kilichosalia cha imani kwa kiongozi: ikiwa kazi imekwisha, yeye ni kiongozi wa nini? Mara ya tatu ilikuwa kiberiti. Alikuja kuomba kiasi kikubwa kuliko vyote, akaunti ikiwa tupu.

Je, hali ya hatari inahitaji amri tu?

Kuna ushauri unaorudiwa sana kwa mameneja: wakati wa utulivu shirikisha, wakati wa dharura amuru. Mizizi yake iko mbali. Mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake walitofautisha mwaka 1939 uongozi wa kiimla, wa kidemokrasia na wa kuacha mambo yajiendee. Paul Hersey na Ken Blanchard walikuja mwaka 1969 na wazo kwamba kiongozi abadili mtindo kulingana na utayari wa wafuasi. Asiyejua kazi aelekezwe waziwazi, anayejua aachiwe.

Kwa mtazamo huo Dodge alifuata kanuni. Kazi ilikuwa ngeni kwao, muda hakuna, akaelekeza. Ushauri huo haukosei, lakini unaacha nje nusu ya jambo. Amri fupi ni kifupisho cha mazungumzo marefu yaliyokwisha fanyika. Nahodha anapopaza neno moja na mabaharia wote wakalikimbilia, neno lile limebeba miezi ya mazoezi ambamo kila mmoja alijua maana yake na sababu yake. Dodge alipoita waje ndani ya kiraka, neno lake halikuwa na kitu nyuma yake. Lilikuwa sauti tu kwenye mngurumo wa moto.

Mwanasaikolojia Fred Fiedler, kwa nadharia yake ya mwaka 1967, anatupeleka mahali pa kuvutia zaidi. Alipima mazingira ya kiongozi kwa mambo matatu: uhusiano wake na watu, jinsi kazi ilivyo wazi, na nguvu ya cheo. Alidai kwamba mazingira yakiwa mabaya sana, kiongozi anayekazia kazi hufanikiwa kuliko anayekazia uhusiano. Mlimani pale uhusiano ulikuwa dhaifu, kazi ilikuwa imegeuka fumbo, cheo kimepauka. Dodge alikazia kazi, akapata jibu la fumbo lenyewe. Bado alishindwa. Lakini Fiedler alisema pia kwamba ni rahisi zaidi kuyabadili mazingira kuliko kumbadili kiongozi, na hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye faida. Uhusiano kati ya Dodge na vijana wake haukuwa kama hali ya hewa, ya kupokelewa ilivyo. Uliweza kubadilishwa, ila si saa 11 na dakika 55.

Juu ya sifa za kuzaliwa nazo sitakaa sana. Ralph Stogdill alikwisha kuonyesha mwaka 1948 kwamba hakuna sifa moja inayomfanya mtu kiongozi kila mahali, na Dodge anathibitisha: ujasiri, utulivu, ubunifu, vyote alikuwa navyo katika dakika mbaya kuliko zote za maisha yake.

Pingamizi ninaloliheshimu

Mtu anaweza kusema: hakuna binadamu angeingia motoni kwa kuambiwa, hata angekuwa anampenda kiongozi wake vipi. Mwili unakimbia moto. Sina njia ya kulifuta pingamizi hili, na ni haki tulikumbuke kila tunapowahukumu watu waliokuwa na sekunde tukiwa tumekaa na kahawa na muda wote tunaoutaka.

Hata hivyo wale wawili waliookoka walipita karibu kabisa na Dodge, wakamwona anachofanya. Walichokieleza baadaye ni kwamba hawakuelewa. Hofu ilikuwepo, bila shaka, lakini pengo walilolitaja ni la maana. Tena pengo hilo halikuzibwa hata moto ulipozimika: baadhi ya ndugu wa marehemu walimtuhumu Dodge kwamba moto wake ndio uliowaua vijana. Uchunguzi rasmi haukumtia hatiani. Ikiwa watu waliopata muda wa kutafakari walishindwa kukubaliana juu ya maana ya tendo lile, mtu anayekimbia angelielewaje?

Na kuna jambo jingine linalozuia hukumu nyepesi. Wawili waliokataa wito wake waliishi. Kwa hiyo siandiki haya kuhubiri utii. Kutii bila kuelewa nako kumeua watu wengi. Ninachokitafuta ni hali ambamo kiongozi akitoa wito wa ajabu, wanaomsikia wana msingi wa kuupima.

Meneja afanye nini, kabla ya mlima

Wengi wetu hatutawahi kukimbizwa na moto. Lakini kila meneja, mapema au baadaye, atawaambia watu wafanye kitu kinachoonekana kinyume: wasimamishe mradi waliouhangaikia mwaka mzima, waache mfumo wanaoumudu, wamwambie mteja ukweli utakaomuudhi. Siku hiyo ataomba kutoka akaunti yake.

Jambo la kwanza ninaloliona lina nguvu ni kufikiri kwa sauti wakati ambapo kufikiri hakuna gharama. Meneja anayetoa uamuzi mdogo wa Jumatatu na kusema kwa sentensi mbili kwa nini ameuchagua huo na si mwingine, anawapa watu kitu ambacho hawatakipata kwingine: wanajifunza jinsi akili yake inavyofanya kazi. Wakishaijua, siku ya sentensi moja wataijazia wenyewe iliyobaki. Mameneja wengi wenye uwezo hulikosa hili hasa kwa sababu wana uwezo. Wanaona jibu haraka, wanalitoa, wanaendelea. Timu inapokea majibu sahihi mia moja na haijui hata moja lilivyopatikana. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapo kibaba kinabaki kitupu ingawa kila kazi imekwenda vizuri.

La pili linahusu kutokuwepo. Kiongozi hawezi kuwa kila mahali, na Dodge alikuwa na sababu ya kwenda mbele. Tatizo lilikuwa kwamba alichokiacha nyuma ni maelekezo ya njia, na wasiwasi wake aliuchukua mwenyewe. Msaidizi anayeambiwa pa kupita atapita. Msaidizi anayeambiwa nini kinamtia bosi hofu, ataona ishara bosi asipokuwepo. Unapokabidhi kazi kwa saa moja, kabidhi na hofu yako.

La tatu ni dogo ila hupuuzwa: kuwepo kwenye mafunzo. Meneja anayewaandikisha watu wake kwenye mafunzo na kubaki ofisini kwa sababu ana shughuli anaokoa siku mbili. Anapoteza mahali pazuri kuliko pote pa kuonekana akikosea, akiuliza, akirudia, mahali ambapo kosa haliunguzi mtu.

Ukimwambia mtu atupe kifaa, mwambie mara moja anabaki kuwa nani. Mhasibu anayeambiwa aache daftari alilolijenga kwa miaka kumi anasikia kwamba ustadi wake umekwisha. Ukimwambia kwamba jicho lake la kugundua kosa ndilo linalohitajika kukagua mfumo mpya, umemwachia sababu ya kubaki kwenye safu.

Baada ya moto

Dodge alifariki mwaka 1955. Mwaka 1957, baada ya kupitia vifo vya wazimamoto katika mioto kadhaa ukiwemo wa Mann Gulch, Idara ya Misitu ilitoa amri kumi za kudumu. Orodha imerekebishwa tangu hapo, na inayotumika leo ina amri isemayo kwamba njia za kutorokea na mahali salama pajulikane na pawekwe wazi kwa wote, na nyingine isemayo maelekezo yatolewe kwa uwazi na mtoaji ahakikishe yameeleweka. Maandishi hayakumaliza jambo: tarehe 6 Julai 1994 wazimamoto 14 walikufa kwenye mlima mwingine, jimbo la Colorado, na baadhi yao walikutwa bado wana vifaa vyao.

Narudi mara kwa mara kwenye maneno yale ya kuhakikisha yameeleweka. Saa 11 na dakika 55 hapakuwa na pumzi ya kuhakikisha chochote. Muda ulikuwepo saa 10 na dakika 10, korongo likiwa bado tulivu upande wao, vijana 14 wakikusanya parachuti zao na kiongozi wao akiwa bado kati yao.